Godoro la Sumaku la Dada Kuang

Kwa Kuang Shuqin, mtu aliyelipa kiingilio ili apande Mnara wa Korongo wa Manjano alikuwa mjinga, na kila likizo mji wa Wuhan ulifurika wajinga wa namna hiyo. "Mnara wenyewe una lifti ndani," alikuwa akisema huku akisonya. "Umejengwa upya kwa zege mimi nimeshaolewa. Nina mikunjo mingi kuliko huo mnara, mbona hakuna anayenilipa kunitazama?"

Yeye aliutazama kutoka kwenye kivuko, kwa yuan moja na nusu, na hapo alipata mto mzima, daraja, ng'ambo zote mbili na upepo juu yake. Usiku watalii walipanga foleni ya meli za taa kwa bei ya kilo kadhaa za nyama ya nguruwe, wakaenda kuona maji yaleyale. Kuang aliwapita na bakuli lake la karatasi lenye tambi za ufuta, akila huku anatembea, na hakujisumbua hata kuficha kicheko.

Alikuwa na miaka sitini na saba, mjane, mstaafu wa kiwanda cha kufuma pamba. Alikuwa na kadi ya wazee ya kupandia mabasi bure, na aliitumia mpaka ikachujuka rangi. Mwezi wa saba, joto lilipochachamaa, alishinda kwenye jumba la makumbusho lisilo na kiingilio, mbele ya kengele za shaba za wafalme wa kale, si kwa kupenda wafalme bali kwa sababu sakafu ya pale ilikuwa ya baridi. Alijua bustani ipi ina kikundi cha dansi chenye spika kubwa, na lango lipi la ziwa halina mlinzi. Wanawake wa jengo lao walimfuata kila alikokwenda, na malipo yao yalikuwa kusimangwa njia nzima.

Mambo mawili yalimpa kiburi, na hakuna jirani asiyeyajua.

La kwanza ni kwamba hajawahi kununua kitu kwenye safari za Alhamisi. Safari hizo ziliuzwa yuan kumi na tisa: basi, bustani ya nje ya mji, chakula cha mchana na mayai kumi ya kwenda nayo nyumbani. Mwenye akili alijua mayai hayo hayakutoka mbinguni. Baada ya bustani mlipelekwa kwenye ukumbi, mlango ukafungwa, na vijana wa makoti meupe wakawauzia dawa za figo na magodoro mpaka mtu mmoja wenu alainike. Kuang alikuwa amekwenda mara kumi na saba na amerudi na mayai mia moja na sabini. Walionunua aliwaita makondoo hadharani.

La pili ni mwanawe wa pekee, Fei Jinsong, aliyekuwa Shanghai kwenye ofisi ya ghorofa ya arobaini na mbili. Picha ya jengo hilo ilikuwa kwenye simu ya Kuang, inang'aa kwa vioo. Majirani walikuwa hawajamwona kijana mwenyewe, maana Kuang alihamia pale miaka miwili tu iliyopita mtaa wao wa zamani ulipobomolewa, na Mwaka Mpya mara mbili mfululizo kijana hakuja. Kazi nyingi, alisema kwenye simu.

"Hii ni picha ya jengo, dada," jirani yake Zha Meizhen, mwenye nyonga mbovu na ulimi mzima, alimwambia siku moja. "Mtoto yuko wapi?"

"Yuko ndani. Ulitaka asimame nje kama bawabu?"

Alhamisi moja ya mwezi wa sita wakapanda basi, wanawake ishirini na tisa na wazee wawili wa kiume walioburutwa na wake zao. Kiongozi wa safari, binti Ruan, alishika kipaza sauti akaanza kuwasifia: leo wanapendeza, leo wako kama wasichana.

"Wasichana wenye magoti ya kubandika," Kuang akamkata. Kisha akawageukia wenzake bila kushusha sauti. "Haya, sikilizeni. Mkifika ukumbini mnakaa nyuma. Simu inakaa ndani ya sidiria. Akikuuliza unaumwa wapi, huumwi popote. Akikuita mama, mwambie ulizaa mara moja ukakoma. Mmeelewa?"

"Tumeelewa, mwalimu!" wakaitikia, na binti Ruan akacheka kwa meno tu.

Ziwani walipewa dakika ishirini. Mayungiyungi yalikuwa hayajachanua, isipokuwa mawili ya pembeni ambayo kila mtu alitaka kupigwa nayo picha, shali zikipeperushwa hewani kwa zamu. Chakula cha mchana kilikuwa kabichi na harufu ya nyama. Kisha basi likawapeleka penyewe.

Ukumbi uliitwa Jumba la Maisha Marefu, ingawa paa lake la bati lisingemaliza misimu miwili ya mvua. Kuang akakaa safu ya nyuma kabisa na Zha kando yake, akatoa mbegu zake za alizeti akaanza kubangua. Mbele, Meneja Geng, mnene, mwenye kipaza sauti kilichofungwa kichwani, alikuwa tayari analia.

"Watoto wenu wako wapi leo?" aliuliza. "Wako mbali! Nani anawakanda miguu? Hakuna! Basi sisi ndio watoto wenu. Walimu, leteni maji!"

Wale vijana wa makoti meupe, ambao pale huitwa walimu japo hawafundishi kitu, wakaingia na mabeseni ya maji ya majani, wakapiga magoti mbele ya wazee na kuanza kuwavua viatu. Wanawake wazima wakaanza kutokwa machozi. Kuang alitema ganda la mbegu sakafuni.

"Tazama makondoo yanavyooshwa kabla ya kunyolewa," alisema.

Mwalimu wa safu yao alikuja ameinamisha kichwa, koti limemwishia juu ya vifundo vya mikono. Akapiga magoti mbele ya Zha. Kuang aliona kisogo chake, na nyuma ya sikio la kushoto akaliona kovu refu. Kovu hilo alilijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyekimbia na mtoto mgongoni hadi zahanati ya kiwanda siku alipoanguka na baiskeli ya baba yake.

Akaacha kubangua.

"Mama, maji si ya moto sana?" kijana alimuuliza Zha.

"Yako sawa, mwanangu! Wa kwangu wa kuzaa hajawahi hata kunigusa kisigino," Zha akachekelea. "Ila huyu jirani yangu usimpotezee muda. Huyu hauziwi. Wenzako wote wameng'oka meno kwake."

Kijana akainua uso kumtazama huyo asiyeuziwa. Mikono yake ikaganda majini, na miguu ya Zha ndani yake.

Kitu cha kwanza kilichompata Kuang kilikuwa hasira. Miaka miwili! Miaka miwili ya Shanghai, ya ghorofa ya arobaini na mbili, ya "mama nimebanwa", na kumbe yuko mwendo wa basi moja kutoka kitandani kwake, anaosha miguu ya Zha Meizhen, mwanamke anayenuka kitunguu saumu tangu asubuhi. Alitamani amtandike na beseni. Amekonda kama ufito, na nywele za utosini zimeanza kumkimbia.

"Mwalimu wa safu ya nyuma!" Meneja Geng aliita kutoka mbele. "Umelala huko? Wiki tatu hujauza hata godoro moja! Panda juu ya kiti, uwaambie mama zako kitakachokupata leo usipouza."

Jinsong akapanda juu ya kiti. Maji yalimdondoka viganjani.

"Nitavua koti," alisema.

"Sauti!"

"Nitavua koti na kuondoka. Na kabla ya kuondoka nitapiga pushapu hamsini."

Ukumbi ukacheka. Wazee waliokuwa wakilia kwa huruma dakika tano nyuma sasa walicheka mpaka meno ya bandia yakacheza. Zha alicheka kuwashinda wote. "Mtazameni! Jogoo aliyenyonyolewa!" Kisha watu wakaanza kugeuka mmoja mmoja kumtazama Kuang, kwa sababu hapo ndipo Kuang hutoa neno lake, na neno lake ndilo huondoka nao ndani ya basi.

Angeweza kusema, huyu ni wangu, shuka hapo mwanangu twende nyumbani. Jengo lote la vioo lingeporomoka mbele ya mtaa mzima, na yeye Jinsong angeporomoka nalo, mbele ya miguu ya Zha. Angeweza kunyamaza, naye angepiga pushapu zake, avue koti na kwenda kusikojulikana, na safari hii simu isingeita tena. Aliyajua yote mawili vizuri. Lililobaki lilikuwa lile ambalo kwa mara kumi na saba alikuwa amewacheka wengine kwa kulifanya.

Akanyoosha mkono juu.

"Leta hilo godoro."

Meneja Geng akasahau kulia.

"Dada," Zha alimshika mkono, "jua limekupiga? Godoro gani?"

"La sumaku. Mgongo unaniuma."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi! Wewe ndiye mgongo wangu?"

Akatoa simu sidiriani mbele ya watu wote, akalipa fedha zinazozidi pensheni yake ya mwezi. Geng akapiga makofi, wote wakapiga makofi. Utaratibu wa pale ni kwamba anayenunua huoshwa miguu na aliyemuuzia, huku muziki wa zumari ukipigwa, kwa hiyo Jinsong akaja na beseni jipya na kupiga magoti. Hakuthubutu kuinua macho.

"Mama, lirudishe," alinong'ona. "Ni sponji tu. Zile sumaku ni kama za mlango wa friji. Hazitibu kitu."

"Najua. Unadhani nimezaliwa jana? Osha."

"Kampuni ilifungwa. Mwaka juzi. Nilitaka nipate kitu kwanza, halafu ndipo nije."

"Na lile jengo?"

"Nililitoa mtandaoni."

Kuang akavuta pumzi kwa pua. Matusi yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo mengi, yalifika mdomoni yakarudi.

"Katikati ya vidole umeruka," alisema. "Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo."

Muziki ukaisha. Jinsong akamfuta miguu kwa taulo, akamvalisha soksi moja, kisha ya pili, akasimama na kwenda kusimama ukutani pamoja na wenzake, koti bado mwilini.

Ndani ya basi godoro lilisimama katikati ya magoti ya Kuang, limekunjwa na kufungwa kamba, refu kumzidi. Wenzake walimsubiri basi liondoke tu.

"Mwalimu! Tufundishe tena, simu inakaa wapi?"

"Mayai mia moja na themanini, na godoro la kuyaatamia!"

"Kweli leo mjanja kaingizwa mjini," alisema Zha, na ilikuwa dhahiri kwamba hajafurahi hivyo tangu mwaka uanze. "Na aliyemwingiza mwenyewe hata kusema hajui! Nimeona wauzaji, yule si muuzaji. Mama yake akija kujua anachofanya mwanawe, atazimia."

"Hatazimia," alisema Kuang.

"Unamjua?"

"Nasema tu. Watu hawazimii ovyo."

Ikawa wiki ya karaha. Muuza tambi alimuuliza kama analala vizuri. Kwenye kikundi cha dansi walimwita Bibi Sumaku na kujifanya wamenatana naye. Mwanamke ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu aanze kusema, sasa alipita akitazama viatu vyake. Zha alipouliza habari za Shanghai, alisema mwanawe amebanwa na kazi, na picha ya jengo hakuionyesha wala hakuifuta.

Jinsong hakupiga simu. Kuang naye hakupiga. Angemwambia nini ambacho mtu huambiwa kwa simu?

Alhamisi iliyofuata alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya basi, amevaa blauzi yake ya buluu ya kwenda harusini, na chombo cha chakula ndani ya mfuko.

"Mama, umepotea?" binti Ruan alishangaa. "Leo ni ziwa lilelile na ukumbi uleule."

"Nimelipa, sijalipa?"

"Anafuata la pili," Zha aliwaambia wengine. "La upande wa tumbo."

Wakacheka mpaka ziwani. Kuang hakutazama mayungiyungi, ingawa wiki hiyo yalikuwa yamechanua yote na watu walikuwa wakipiga kelele. Ukumbini alipita safu za nyuma alizozizoea, akaenda kukaa mbele kabisa, peke yake, mfuko mapajani. Jinsong alipomwona alisimama na beseni lake katikati ya njia mpaka mwenzake akamsukuma. Akaja akapiga magoti.

"Umekuja kufanya nini tena?" alinong'ona. "Usinunue kitu, nakuomba."

"Sinunui. Nimekuja kukuona, na hapa ndipo unapoonekana." Akamtelezeshea ule mfuko chini ya kiti. "Mbavu za nguruwe na mizizi ya yungiyungi. Utakula zikiwa bado moto."

"Mama, meneja anatutazama."

Kuang akageuka, akamwona Geng kweli anawatazama, kipaza sauti kichwani. Akaegemea kiti kwa starehe kama mnunuzi mkubwa, akaongea kwa sauti ya kusikika safu zote.

"Haya, mwalimu! Nieleze habari za hilo godoro."

"Godoro hili, mama," Jinsong alianza, "lina sumaku mia mbili na arobaini. Linasaidia damu kutembea. Linafaa kwa mgongo, kwa magoti, na kwa wanaolala peke yao." Alieleza mpaka mwisho, na mama yake alimtazama usoni muda wote, nyusi, pua, ule utosi unaopungua nywele, bila kubangua hata mbegu moja. Alipomaliza, akashika beseni ainuke.

"Sikushika," alisema Kuang. "Anza tena mwanzo, na usiharakishe. Basi linaondoka saa nane."