Mama Deki Ajichagulia Mwalimu

Mama Deki hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na Sista, muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume, siku alipomwendea kuomba akasomee uuguzi. Enzi hizo mfanyakazi wa usafi hakupokelewa chuoni bila mkuu wake kumpendekeza. Sista alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika mkono na kumpeleka chumba cha chai.

"Jamani, Mama Deki anataka kuchoma watu sindano! Na umri huu, na darasa la saba lake!"

Wauguzi walicheka mpaka chai ikawapalia. Yeye akarudi kupiga deki, kichwa chini, kinyongo kimejaa kifuani. Kuchukia nako ni kazi, na mwanamke huyu hakuwahi kuwa mvivu.

Miaka ikapita. Sheria mpya ilipopitishwa, aliyemletea habari ni wifi yake, mbiombio, kiatu kimoja kimemvuka.

"Wifi, wamefuta mambo ya umri! Wa darasa la saba wanapewa mwaka wa kujiandaa, mshahara unaendelea, watoto wanaangaliwa hukohuko chuoni. Na mambo ya kupendekezwa na bosi, hakuna tena!"

"Na wodini nani anafundisha?"

"Unajichagulia muuguzi mwenyewe. Naye haruhusiwi kukataa."

Mama Deki akacheka kicheko ambacho wifi yake hakukipenda hata kidogo.

"Usiniambie unamtaka yule! Nafasi ni moja tu, wifi. Akikufundisha ovyo, unaanguka mtihani, unarudi kwenye ndoo."

"Hawezi kufundisha ovyo. Sikuanza kumjua leo wala jana."

Kweli alimjua. Sista alikuwa na roho mbaya, lakini shuka lililokunjamana lilimuuma kuliko jino. Kuona kazi imeharibika na kunyamaza, hilo lilimshinda kabisa.

Basi baada ya mwaka wa kujiandaa, Sista akaletewa mwanafunzi wake, akakunja uso, akaapa kumkimbiza. Alimtandikisha kitanda kimoja asubuhi nzima. Alimtukana mbele ya wagonjwa. Alimnyang'anya sindano mkononi akamwonyesha upya, huku akimwita kichwa maji. Mama Deki aliitikia, "Ndiyo, Sista," akirudia mpaka mkono ukazoea. Usiku alilia kwa hasira, asubuhi alifika wa kwanza. Kila tusi lilikuja na somo ndani yake, naye alimeza vyote viwili.

Siku ya mtihani, watahini walimtaka abadilishe shuka chini ya mzee aliyevunjika nyonga, bila kumwinua. Alimgeuza taratibu, akavuta, akatandaza. Mzee hakuguna hata mara moja. Mama Deki akafaulu.

Sista akamngoja koridoni.

"Si unaona nilivyokutoa mbali? Hata asante hakuna?"

"Asante ya nini? Ulikuwa unanifukuza, ukakosea njia."

"Haya, yaishe. Wodi ya watoto wanatafuta mtu. Nimewaambia utawafaa."

"Nimeshaomba kubaki hapahapa, na wamekubali. Tutaonana kila asubuhi, Sista, mpaka siku utakayostaafu."

Alisikia raha, tena bila haya yoyote. Mama Deki akavaa glavu, kisha akamuuliza Sista, kwa adabu zote, waanzie kitanda gani.