Sikio la Kulia la Dume

Mwezi uliopita nilienda Ndhiwa kwenye matanga ya diwani mmoja wa zamani. Usinifikirie vibaya, rafiki yangu, sikwenda kulia. Nilitoa nauli yangu kwenda kuangalia sikio.

Kichwa kilikuwa bado sebuleni kwake, juu ya kabati la vyombo, pale pale kilipotundikwa nikiwa na miaka kumi. Kichwa kizima cha dume, pembe zimefunguka kama mikono ya mhubiri. Hata kabla sijainua macho, harufu ya chumvi na shabu ilinirudia, nikarudi nyuma hatua moja. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, anaogopa ng'ombe aliyekufa!

Mimi ni mtoto wa Ogwedhi, kule kwenye mpaka wa Narok, ambako siku ya soko ng'ombe ni wengi kuliko watu. Baba alikuwa akichunga ng'ombe wa watu. Jina lake mwenyewe hakuweza kulisoma, lakini masikio aliyasoma. Kila boma lilikuwa na mkato wake: huyu kakatwa ncha, yule katobolewa, mwingine kachanjwa pembeni mara mbili. Jioni tukila ugali na maziwa ya kuganda alinichorea mikato kwenye majivu, na siku ya soko ananiuliza, "Yule mwekundu ni wa nani?" Nikipata, ananinunulia mandazi. "Ng'ombe utambadilishia kengele, utambadilishia kamba," alikuwa akisema, "lakini sikio halina lugha mbili."

Mkato niliojua kuliko yote ulikuwa wa jirani yetu, mjane mmoja mzee tuliyemwita dana, yaani nyanya. Ng'ombe wake wote walipasuliwa ncha ya sikio la kulia, ikawa na pande mbili kama mkia wa mbayuwayu. Dume lake kubwa baba ndiye aliyelichunga. Akiliita kwa mluzi kutoka ng'ambo ya mto, linageuza lile sikio kwanza, halafu kichwa.

Kisha dume likaibwa. Baba alirudi na kamba mkononi, bila kitu. Dana akasema baba ameliuza, chifu akaamini, polisi wakambeba hadi Migori kungoja kesi. Mama alikwisha kufa. Shule ikaishia hapo, darasa la nne, nikapelekwa Ndhiwa kwa baba mdogo, nduguye baba, tumbo moja.

Yeye alikuwa fundi wa vichwa. Alikuwa amefanya kazi Nairobi, akizijaza ngozi za wanyama wa wawindaji ili waonekane hai. Serikali ilipofunga uwindaji alirudi nyumbani na sindano zake, akawa anatengeneza kondoo, mbuzi wenye pembe nzuri, na mara moja mbwa wa mwalimu mkuu. Alisema uso wa mnyama uko masikioni. Jicho ni kioo tu, lakini sikio likilala vibaya hata simba anafanana na mbwa aliyepigwa.

Na sikio ndilo lilikuwa kazi yangu, kwa sababu ya vidole vyangu vyembamba. Nilifundishwa kuingiza mpini wa kijiko kati ya ngozi na ule mfupa laini wa ndani, kusukuma polepole hadi ncha, kisha kugeuza sikio zima nje-ndani kama soksi. Ukiharakisha linachanika, na likichanika nachapwa. Halafu chumvi, halafu maji ya shabu. Mfupa laini unatolewa, na mahali pake panawekwa bati la mkebe wa mafuta lililokatwa kwa umbo lake, na udongo wa kufinyangia. Mwisho unalibana kwa kadibodi na miiba, kwa sababu sikio likikauka linasinyaa na kujikunja litakavyo. Mke wa baba mdogo alinipakulia omena zangu, dagaa wa ziwani, kando. Alisema mikono yangu inanuka maiti.

Lakini harufu haikunisumbua. Niliogopa kwamba masikio yale bado yanasikia. Vidole vikiwa ndani hadi ncha, sikuthubutu hata kukohoa.

Mchana mmoja yule diwani alileta gunia lenye ngozi ya kichwa cha dume na pembe zake. Alikuwa amefanya karamu kubwa ya wafuasi wake na kuchinja, na sasa alitaka kichwa cha ukutani.

"Fundi, hii sikio moja ilikatwa na waya," alisema. "Itengeneze ikuwe mzima."

"Waya gani hiyo inakata hivi, mheshimiwa?" baba mdogo akamtania.

"Waya ya kwangu," akasema diwani. Hakucheka.

Alipoondoka, baba mdogo aliifungua ile ngozi juu ya meza. Sikio la kulia. Mkia wa mbayuwayu.

Tuliangaliana. Naye alizaliwa Ogwedhi. Alijua kama nilivyojua. Nikahisi maji ya moto yanateremka mapajani. Nikasema, "Baba mdogo, hii ni ya dana. Baba ataachiliwa!"

Alichukua sindano ile iliyopinda, akatia uzi taratibu. "Nyar omera," akasema, maana yake binti wa ndugu yangu, na aliisema kwa upole, jambo ambalo hakuwahi kufanya. "Diwani ataongea na wakubwa, baba yako atatoka. Lakini huo mdomo ukifunguka kabla, nitaushona." Akaigusisha sindano kwenye mdomo wangu wa juu. Ilikuwa baridi. Hadi leo mtu akishona karibu nami, nafunika mdomo.

Basi nikashona. Tulikata kipande cha ngozi ya shingoni, rangi moja, nikakipachika ndani ya ule mpasuko kwa mishono midogo kama ya kitambaa cha kanisani, tukapaka nta na kuchana nywele juu yake. Ilikuwa kazi safi. Wallahi, ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mikono hii.

Kichwa kilikuwa bado kinakauka, miiba masikioni, dana alipotokea mlangoni. Alikuwa amesikia uvumi kwamba dume lake lilichinjwa kwa diwani, akatembea kutoka Ogwedhi kwa miguu yake ya kuvimba. Alizishika pembe, akazifuata kwa kiganja hadi ncha, machozi yakamtoka. Kisha akafika sikio la kulia, akasimama. Alilipapasa. Akanigeukia mimi, si fundi.

"Nyathina," akasema, mtoto wangu, "wewe baba yako alikufundisha. Hii sikio, ilipoletwa ilikuwa hivi?"

Baba mdogo alikuwa nyuma yangu. Nilisikia sindano zikigongana ndani ya kopo lake. Alizitikisa tu, kidogo, kama mtu anayecheza na sarafu.

"Ilikuwa hivyo, dana," nikasema.

Akajifunga leso, akaenda. Kwenye kesi alisimama akaapa kwamba baba aliuza. Diwani hakuongea na wakubwa wowote. Baba alifungwa, akarudi na kikohozi, na hakumaliza mvua mbili. Sikumwambia. Alikufa akiniuliza kama bado nakumbuka mikato.

Kwa hiyo nawataja: diwani, aliyechukua dume la mjane. Baba mdogo, aliyeuza damu yake, akapewa kazi ya kukusanya ushuru sokoni. Wote wako chini ya udongo. Na huyu anayeandika, mtaje naye.

Sasa turudi sebuleni. Niliinua macho. Nta imepukutika, uzi wangu umeoza, kile kipande cha shingoni kimeanguka sijui mwaka gani. Ncha ya sikio imefunguka, pande mbili, wazi kabisa. Watu walipita chini yake na sahani za wali na nyama, wazee kwa vijana, na hakuna aliyesoma. Nani atasoma? Dana hayuko, baba hayuko. Siku hizi ng'ombe wa Ogwedhi wanavalishwa hereni za plastiki zenye namba. Majivu yenyewe hayapo. Watu wanapikia gesi.

Kijana mmoja, mjukuu wa diwani, aliniona nimesimama. Kijana mpole, alikuwa amebeba viti.

"Mathe, unaangalia hiyo sikio? Ni panya walikula. Nitaleta gundi niirudishe vile ilikuwa."

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kupanda mdomoni, kuufunika. Niliushusha.

"Iache, mwanangu," nikamwambia. "Ilikuwa hivyo."