Mgonjwa wa Ngonjera ya Afya

Nianze na ujinga wangu, nisije nikaonekana mtakatifu. Mwaka jana nilitumbuliwa jipu pale zahanati, jipu lenyewe likiwa mahali anapokalia mwanafunzi, na mganga akaniandikia cheti: apumzike siku 3. Njiani nikatoa kalamu, nikaweka moja mbele ya tatu. Siku kumi na tatu, kwa jipu! Nilizitumia vizuri, nikishangaa mabehewa kule stesheni ya reli mpya. Siku ya kumi na mbili mwalimu mkuu alinikuta juu ya mpichi wa jirani yake, mdomo umejaa, nina afya kuliko yeye.

Viboko sivisimulii, nilivistahili. Lakini mwalimu mkuu hakuishia kwenye makalio yangu. Alitunga sheria kwa shule nzima: cheti cha ugonjwa si kitu mpaka mganga athibitishe kwa mdomo wake, uso kwa uso naye. Mimi nikakosa, wakaadhibiwa wagonjwa wote.

Sheria hiyo ilimkuta mdogo wangu mwezi wa sita.

Mdogo wangu ana miaka kumi na minne. Tuko darasa moja, la saba, kwa sababu mimi nilirudia la sita ili nimsubiri. Ndivyo ninavyowaeleza watu. Yeye ana akili za kweli. Anataka sekondari ya wasichana kule Iringa, anakoishi shangazi, na amekwisha kuchagua hata kitanda atakacholalia, cha dirishani, kabla hata ya kuuona mtihani.

Basi tukaambiwa mgeni rasmi anakuja kufungua madarasa mapya. Kwa wiki tatu tulifanya mazoezi ya halaiki na ngonjera kila alfajiri, kabla ukungu haujapanda mlimani, miguu peku, fulana nyepesi, majani yamekauka kwa baridi mpaka yanalia ukiyakanyaga. Mdogo wangu alipewa ngonjera ya afya bora. Yeye ndiye Mjuzi, anayewafundisha wajinga kujikinga na maradhi. Ubeti wa nne unawaonya wazazi wawavike watoto nguo nzito wakati wa baridi. Ubeti huo aliukariri akiwa anatetemeka ndani ya fulana, na mwalimu wa ngonjera, mwenye koti na skafu, akimwambia atoe sauti.

Asubuhi ya sherehe hakuweza kuketi. Akivuta pumzi anaishia nusu, anashika mbavu za kulia. Mama akamwekea kiganja mgongoni, akasikiliza kikohozi chake, akasema hiki ni kichomi. Baba anafanya kazi Iringa, huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza. Na jana yake tulikuwa tumetangaziwa mstarini kwamba wa darasa la saba asiyefika, jina lake halitaingia kwenye fomu za mtihani.

“Nitasimama tu, mama,” mdogo wangu akasema. “Ni beti sita.”

Mama alinitazama mimi, nami nikatazama viatu vyangu. Kisha akanituma mbio nikamwite mganga.

Zahanati ilikuwa na kufuli. Mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa kitambaa alikaa kwenye ngazi, akaniambia wamekwenda wote uwanjani, kupokea mgeni. Yaani ili usiende kwenye sherehe unahitaji mganga, na mganga yuko kwenye sherehe. Nimewahi kutunga uongo mwingi katika maisha yangu, lakini upuuzi wa namna hiyo singeuweza. Huo unahitaji watu wazima, wakae mkutano.

Niliporudi mdogo wangu alikuwa anajivalisha fulana. Mama akamvua, akamzungushia blanketi, akachuchumaa mbele yake akamwambia apande. Msichana wa miaka kumi na minne, mama akambeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, tukashika barabara. Watu wa njiani walisimama wakidhani kuna msiba. Mimi nilibeba viatu vyake, msaada mkubwa kabisa.

Mgeni alitarajiwa saa tatu. Tulifika saa tano na hakuwa amefika. Watoto wa halaiki walikuwa wamesimama mistari, midomo imebadilika rangi. Mama hakuzunguka. Alipita katikati ya mistari hadi mbele walikopangwa wakubwa, mganga akiwa wa nne, na utepe kifuani.

Mwalimu mkuu alikuja mbiombio, huku bado akiwatabasamia wakubwa.

“Mama, unaharibu mstari,” akasema kwa sauti ya chini.

Mama akamwambia amekuja ili mganga amthibitishie uso kwa uso, kama alivyoagiza. Mganga akaweka sikio kwenye mgongo wa mdogo wangu, maana vifaa vyake alikuwa amevifungia. Akasema ni kichomi, anahitaji sindano leo hii.

Mwalimu mkuu akafikiri. Akasema basi asome beti zake sita mgeni akifika, ndipo aende. Vinginevyo yeye na fomu zake wanajua la kufanya. Aliyasema hayo mbele ya mgonjwa, kwa upole, kama anayempunguzia mtu bei. Mdogo wangu akasema kutoka mgongoni kwamba ataweza.

“Hawezi,” mama akasema, akageuka akaanza kuondoka. Mganga alimtazama mwalimu mkuu, akawatazama wakubwa wenzake, kisha akautoa utepe, akatufuata akitafuta funguo mfukoni.

Mgeni alifika saa tisa. Nilisikia baadaye kwamba alikaa nusu saa, akakata utepe, na kwa sababu ya uchache wa muda ngonjera haikusomwa. Hata ubeti mmoja.

Tulipokuwa tumerudi nyumbani baada ya sindano, mama alikaa kitandani na kichwa cha mdogo wangu mapajani, mimi nikapewa kazi ya uji. Nilikoroga huku nikihutubia. Nilimwita mwalimu mkuu majina ambayo hapa siyaandiki, nikasema mtu anayependa mistari kuliko mbavu za watoto angepewa kiwanda cha rula. Hasira ilipoisha nikabaki na lile lililokuwa chini yake. Nikamuuliza mama, itakuwaje jina likikatwa kwelikweli, na chanzo ni mimi.

Mama akasema, “Akilikata, nitakwenda kukaa mlangoni kwake mpaka aliandike tena, na wewe utakaa pembeni yangu. Sasa koroga huo uji, unashika chini.”