Machujio Mawili na Maji ya Majivu

Hata sasa, nikiinua mkono wa kulia kupita bega, kuna mahali ndani panauma. Mkono huo niliuchosha nikiwa na miaka kumi na tisa, katikati ya miaka ya tisini, nikipangusa mafuta ya samaki kwenye chimni ya hoteli.

Ilikuwa hoteli ya kawaida Homa Bay, vyumba vichache vya kulala juu, chakula chini. Mimi Mkuria wa Ntimaru, shule niliiachia kidato cha pili, na Kijaluo changu wakati huo kilikuwa cha kusalimia tu. Mpishi, ambaye mimi nilikuwa msaidizi wake jikoni, alikuwa mama mmoja ambaye kwao ni Sindo, mkubwa kuliko mama yangu mzazi. Tuliongea Kiswahili cha kuokoteza, kila mtu na makosa yake. Aliniita nyara, yaani binti yangu, nami nikamwita mama, na hakuna aliyekuwa anatania.

Kifua chake kilikuwa kimeharibiwa na moshi wa miaka mingi. Daktari alimwambia aache kupika, au apike pasipo na moshi. Mwenye hoteli, ambaye hakuwa mtu mbaya, akanunua chimni iliyokwisha kutumika: kofia kubwa ya bati gumu iliyoning'inia juu ya majiko, yenye feni ya kuvuta moshi, na chini ya feni machujio mawili ya wavu mwembamba ya kukamata mafuta. Miezi ya kwanza ilivuta vizuri mpaka mama akarudia kuimba akigeuza samaki wake wa ngege kwenye karai.

Lakini kukaanga samaki kutwa si mchezo. Mafuta yalipanda na mvuke, yakaganda kwenye wavu, yakashika masizi, yakawa kama nta nyeusi. Kila Jumapili jioni nilipanda stuli yenye mguu mmoja mfupi, mama akiikanyaga isicheze, nikasugua kwa maji moto na sabuni ya unga mpaka bega likachoka. Sabuni iliondoa ya juu tu. Wiki baada ya wiki wavu ulizidi kuziba, na moshi ulioshindwa kupita ulimrudia mama.

Akaanza kukohoa tena. Wateja walimsikia kupitia dirisha la kutolea sahani. Ijumaa moja mwenye hoteli akasimama mlangoni.

"Mama, Jumatatu nina wageni wa semina. Hawa hawataki kusikia mpishi akikohoa juu ya samaki wao."

"Nitakohoa pembeni."

"Ukikohoa hivi Jumatatu, afadhali uende upumzike Sindo. Nitatafuta mwingine. Sisemi kwa ubaya."

"Najua," mama akasema, akageuza samaki. "Ungesema kwa ubaya ningekujibu."

Alipoondoka, mama hakuimba. Kupumzika Sindo maana yake nini? Kijana wake wa mwisho alikuwa bado sekondari, na hakuwa na mtu mwingine wa kumtegemea.

Mimi wakati huo nilikuwa mtu wa ndoto. Kichwani tayari nilikuwa na hoteli yangu Migori mjini, jikoni madirisha manne, stuli zote zenye miguu sawa. Mtu mwenye hoteli kama hiyo angeshindwaje na wavu? Nikakumbuka jinsi mama alivyolainisha osuga, ile mboga yao chungu, kwa magadi, kwenye chungu chake cha udongo ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Nikakumbuka kwetu, tulivyochoma maganda makavu ya maharagwe, tukachuja maji kwenye majivu yake, tukapikia mboga. Nikajiambia, kinacholainisha mboga ngumu kitalainisha na mafuta.

Jumamosi mama alikuwa kanisani, maana yeye ni Msabato, na siku hiyo hatukukaanga. Nikatengeneza maji ya majivu, makali mpaka vidole vikateleza. Nikayapaka kwenye bati la chimni, na mafuta yakateremka kama mchuzi. Nilikaribia kulia kwa furaha. Kisha nikafungua machujio, nikayalaza kwenye beseni yenye maji hayo, nikaongeza donge la magadi la ukubwa wa ngumi. Povu likapanda kama kitu kinachochemka bila moto. Nikaona kazi inafanyika, nikafunika, nikaenda.

Jumapili asubuhi nilimwita mama aone. Nikaingiza mkono, nikainua chujio jeusi tititi, na wavu ukakatika vidoleni kama mbawa za wale wadudu wa ziwani tunaowafagia chini ya taa. La pili lilibaki fremu tu.

"Hii ni nini?" mama akauliza.

"Chujio, mama."

"Ilikuwa chujio."

Nikaanza kulia. "Nimekupeleka Sindo, mama. Kwa mikono yangu."

Akainama, akanusa maji. "Magadi."

"Na majivu."

"Nyara, umewahi kuniona nikitia magadi kwa sufuria?"

Nikafikiria. Sijawahi. "Nilidhani chungu ni kwa ajili ya utamu."

"Utamu pia. Lakini sufuria inaliwa na magadi. Na hii ni ndugu ya sufuria."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikamsugua mgongo. Alipopata pumzi akaniambia niwashe jiko na feni, tuone. Moshi ukapanda moja kwa moja, bila kitu cha kuuzuia, ukatoka. Tukasimama vichwa juu kama watu wanaotazama ndege.

"Sasa mafuta yataingia kwa feni yenyewe," mama akasema. "Ikishika mafuta itakwama, au itatuchomea jiko."

"Nitaipangusa kila jioni."

"Kila jioni?"

"Kila jioni, mama."

"Na mwenye hoteli akiuliza machujio?"

Akajijibu kabla sijafungua mdomo. "Huyo haangalii juu. Anaangalia sahani."

Jumatatu watu wa semina walikula wakaongeza. Mama alikohoa mara mbili, zote nje kwenye mfereji. Mwenye hoteli alisimama mlangoni akisikiliza, akaenda zake.

Nilidhani kila jioni ni neno dogo. Zima stima, panda stuli, mapanga manne ya feni, mafuta yakishuka mpaka kwenye kiwiko. Nywele zangu zilinuka samaki hata baada ya kuoga, na kanisani watu walinisogelea kwa adabu tu. Siku zingine niliichukia chimni. Siku zingine nilimchukia mama mwenyewe, kidogo, mpaka nimsikie akiimba. Hoteli yangu ya Migori ilibaki kichwani, lakini nilikuwa nalala kabla sijafika kwenye madirisha.

Ilienda hivyo mwaka mmoja na nusu, mpaka kijana wake alipomaliza kidato cha nne akapata kazi. Mama akafunga mzigo wake mwenyewe, hakuna aliyemfukuza. Aliniachia chungu.

Jioni hiyo nilizima feni, nikachukua kitambaa, nikapanda stuli. Ikacheza. Nikashuka, nikatoka nje kuitafutia jiwe.