Aliyeniuliza Mume Wangu Yuko Wapi

Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa macho na jua halijazama. Wanaonijua hapa Doha watakwambia mimi si mtu wa kuona majini kila kona. Nayaandika kwa sababu yalikaribia kuivunja ndoa yangu, na bado sina hakika kama imenusurika. Huenda nawe ukakutana na swali lile, ni vizuri ukajua mapema.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana usipoielewa hutaelewa nilikosea wapi. Niko katika ofisi ndogo ya udalali wa nyumba, Al Sadd. Nyumba kubwa za huku huuzwa zaidi majira ya baridi. Kiangazi nani atazunguka ua na paa kwenye joto lile? Baridi ikiingia, familia huja kutazama. Wanaume hukaribishwa majlisi, sebule ya wageni wanaume, na dalali mwanamume. Wanawake huingia ndani na dalali mwanamke, ili wavue niqabu na kufungua makabati kwa raha zao. Huyo wa wanawake ndiye mimi. Nachoma udi, natayarisha kahawa, wageni wakishaingia nafunga mlango na kuwatembeza chumba kwa chumba. Na kuna adabu moja: mwanamke aliyejifunika humuulizi yeye ni nani. Aliyeingia na wageni ni wa wageni, basi.

Siku hizo nilikuwa mke mtulivu. Mume wangu, Baba Zawadi, alikuwa dereva wa mama mmoja wa Al Thumama, akimpeleka madukani, hospitali, na kwa dada zake. Wenzangu walinitania, "Wewe wivu uliuacha Nairobi?" Nami nilicheka nao. Sikuwahi kumshuku hata siku moja, niamini.

Januari moja tukapewa tuuze nyumba moja huko mtaa wa Muaither. Mwenyewe, mzee aliyefiwa na mke, alikuwa ameoa tena, na mke mpya amekataa kuingia humo. Lakini sisi hatukuambiwa hivyo. Tuliambiwa tu kwamba mzee anahama.

Jioni ilikuja familia moja. Baba alibaki majlisi na mwenzangu wa ofisini. Mimi niliwapokea mama na binti yake aliyekuwa karibu kuolewa, na nyuma yao mwanamke wa tatu, mrefu, amejifunika hadi macho. Nikamkaribisha kama wenzake. Kahawa hakuigusa, na niqabu hakuvua. Wapo wasiovua, sikujali.

Ghorofani, mama na binti waliingia bafuni wakaanza kubishana juu ya vigae. Yule wa tatu akabaki nami chumbani, akaketi kitandani bila kukaribishwa. Akaniuliza kwa Kiswahili safi cha Unguja, "Mume wako yuko wapi saa hizi, mwanangu?"

Sikushtuka. Nchi hizi wapo Waarabu waliozaliwa Unguja. Hata nilifurahi kusikia lugha yangu.

"Yuko kazini, mama. Ni dereva."

"Anamwendesha nani?"

"Mama mmoja wa Al Thumama."

"Mzuri?"

"Sijui, mama. Sijamwona."

"Mumeo amemwona."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Wanaongea nini humo garini?"

"Labda foleni, mama. Nini kingine?"

"Na akirudi kwako amekaa kimya, wewe unadhani ni uchovu."

Alilisema polepole, kama anayenihurumia. Kisha akakipapasa kitanda. "Wangu nilimuuliza kila siku. Sasa ana mwingine, na hiki kitanda anakiuza pamoja na nyumba."

Nikadhani nimeelewa: huyu ni mtalaka wa mzee, amejipenyeza na wageni. Nilimwonea huruma. Nikaenda bafuni, nikamuuliza yule mama kwa Kiarabu changu cha kuungaunga, kwa sauti ya chini, "Yule mliyekuja naye ni nani kwenu?"

Akanitazama. "Sisi wanawake tumekuja wawili tu. Tulidhani ni wa mwenye nyumba, tukaona haya kuuliza."

Umeona? Kila upande ulimheshimu kama mtu wa upande wa pili.

Tulipotoka, chumba kilikuwa kitupu. Ngazi ni moja. Mlango wa chini ulikuwa bado umefungwa, na ufunguo niko nao mfukoni. Binti akagusa godoro pale alipokuwa ameketi, akarudisha mkono haraka. Palikuwa na joto. Mama yake akavaa niqabu, akasema, "Mwanangu hataolewa aletwe humu," wakaondoka.

Siku iliyofuata mzee mwenye nyumba alikuja ofisini. Mudiri wetu, mkuu wa ofisi, kwa hasira ya kupoteza wateja, akaniamuru nimsimulie mwenyewe. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Alikuuliza mumeo yuko wapi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mke wangu marehemu alizaliwa Unguja," akasema. "Aliwauliza hivyo dada zangu, akawauliza wauguzi waliomtunza. Ulimjibu?"

"Nilimjibu, baba."

Akainamisha macho. "Hukupaswa kumjibu."

Jioni ile Baba Zawadi alirudi amechoka na kimya, kama siku zote. Nami nikasikia ndani yangu: unadhani ni uchovu. Nikanusa shati lake. Kesho yake nikashika simu yake. Nikaanza kumpigia simu ya video akiwa njiani, anionyeshe kiti cha nyuma. Mwanzoni alitania, "Mama Zawadi, nikuonyeshe na tangi la mafuta?" Baadaye hakutania tena. Aliacha kazi ile kwa ajili yangu, sasa anaendesha lori la saruji, na bado namuuliza anakula chakula cha mchana na nani. Baridi iliyopita alikunja godoro lake akaenda kulala kwa rafiki zake. Amerudi, lakini najua uvumilivu wake unaelekea kuisha. Nimeombewa, nimeshauriwa. Kwa siku chache huwa napata nafuu.

Linalonitisha zaidi ni hili. Juzi tulikuwa kwenye nyumba nyingine na mfanyakazi mpya, binti wa Kampala aliyeolewa karibuni. Tulikuwa tunapanga vikombe. Nikasikia kinywa changu kikisema, taratibu, "Mume wako yuko wapi saa hizi, mwanangu?" Akatabasamu, akafungua mdomo kunieleza. Niliangusha birika la kahawa makusudi ili anyamaze.

Basi nakusihi kwa upendo: mkienda kutazama nyumba, ulizaneni majina mlangoni. Ile haya hupita upesi. Na ukikutana nami Al Sadd, nikakuuliza mumeo au mkeo yuko wapi, usinichukie. Nizungumzie baridi, nitajie kwenu ni wapi, au nenda zako tu. Ila usinijibu.