Mto Aliouhamisha Mama

Kifutio cha mjukuu wangu kinanuka kama siku ile karibu na Wamaza, enzi za ukoloni. Mzungu wa barabara aliwaamuru baba zetu wajenge daraja mahali ramani yake ilipoonyesha mto. Palikuwa na mchanga mkavu tu.

"Bwana, hapa hapana muto," mama akasema. "Muto iko kule tunalowekaka mihogo, hata kiangazi."

Polisi wake akainua kiboko. Nikang'ang'ania nguo ya mama. Yeye akatangulia njiani, na Mzungu akamfuata, mpaka buti zake zikazama kwenye maji yanayonuka mihogo. Akakunjua ramani, akafuta kwa kifutio chake, akachora upya.

Mama hakujua kusoma. Lakini kila ramani ninayofungua, mto uko palepale alipouweka.