Siku Mama Nusukaputi Alipolala Mwenyewe Kitandani

Hospitali ile ilikuwa na madaktari wanne, wauguzi thelathini na ushee, walinzi watatu na paka wawili waliohamia jikoni bila kuajiriwa. Mtaalamu wa usingizi alikuwa mmoja tu. Jina lake la kwenye vyeti lilikuwepo, lakini lilikuwa limeshasahaulika. Kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini hadi mumewe mwenyewe, alimwita Mama Nusukaputi.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye viatu vya raba na sauti ya kuamrisha. Mtu akimwambia kwamba kazi yake ni nyepesi, kwamba anachoma sindano tu kisha anakaa, alimtazama juu mpaka chini. "Kulaza watu hata mhutubiaji anaweza," alisema. "Kazi ni kuwaamsha."

Mwenzake wa mwisho alistaafu miaka kumi na moja iliyopita. Akaagwa kwa keki na hotuba ndefu, na kesho yake watu wa maabara wakachukua kiti chake. Tangu hapo Mama Nusukaputi alikuwa peke yake. Mama mjamzito aliyekwama, aliyevunjika nyonga, mwenye ngiri, wote walipita mikononi mwake. Barua za kuomba msaidizi aliandika saba, na saba zote zilijibiwa kwa maneno yaleyale: suala lako linashughulikiwa. Likizo alizisikia kwa wenzake tu, kama habari za nchi za mbali. Hata kwenye harusi ya bintiye wa kwanza aliondoka katikati, kwa sababu kuna mama alihitaji kuzalishwa kwa kisu. Katika picha zote za harusi ile anaonekana mara moja tu, pembeni, simu sikioni, mkono mmoja ukitafuta funguo ndani ya mkoba.

Basi Jumanne moja aliamka na maumivu ya tumbo. Mumewe, fundi cherehani mpole asiyependa ugomvi, alimwona akifunga kamba za viatu huku amekunja uso.

"Mama watoto, una nini?"

"Gesi."

Akanywa chai, akala mkate, akaenda kazini. Asubuhi ile alilaza wagonjwa wawili na kuwaamsha wote wawili, mkono mmoja kwenye mashine, mwingine umeshika ubavu wa kulia. Wa pili alipofumbua macho na kumwona yule mama anavuja jasho, alimuuliza kwa huruma, "Kwani mimi ndiye niliyepasuliwa au wewe?"

Matroni wa chumba cha upasuaji, mwanamke mrefu aliyefanya naye kazi tangu wote wawili wakiwa wasichana, alimfuata kwenye korido.

"Mwenzangu, unatembea kama meza iliyovunjika mguu."

"Nimekwambia ni gesi."

"Hujaniambia chochote, ndiyo kwanza tunaongea."

Akamshika mkono, akampeleka kwa Mkuu wa hospitali, ambaye ndiye pia aliyekuwa mpasuaji. Mkuu akambonyeza tumbo upande wa kulia, chini. Mama Nusukaputi akaruka karibu agonge taa.

"Kidole tumbo," alisema Mkuu. "Na kimeiva. Tunakitoa leo leo." Kisha, kwa mazoea ya miaka kumi na moja, akamgeukia matroni. "Haya, mwite Mama Nusu..."

Akaishia hapo. Wote watatu wakatazamana.

Hospitali kubwa ilikuwa mbali, saa sita za barabara ya mashimo, na kidole tumbo kilichoiva hakipendi mashimo. Iliyobaki ni ile ya jirani, mwendo wa saa moja na nusu. Nayo ilikuwa na mtaalamu wa usingizi mmoja vilevile. Mama Nusukaputi alikuwa hajawahi kumwona, ila kwa miaka mitatu walikuwa wakipigiana simu kuulizana dawa na kuliwazana. Jamaa alikuwa na sauti nzito ya kutoka chini ya kisima, na Mama Nusukaputi alikuwa amemwandika kwenye simu yake "Kaka Sauti". Alimchukulia kuwa pande la mzee mwenye ndevu nyeupe.

Alimpigia yeye mwenyewe, huku amejikunja kitandani. "Kaka, nina mgonjwa wa kidole tumbo."

"Tatizo liko wapi, dada?"

"Mgonjwa ni mimi."

Kule wakaahirisha upasuaji wote mpaka jioni, wakamtoa kwa gari la wagonjwa. Lilipofika, aliyeshuka alikuwa kijana mwembamba kama mti wa bendera, uso laini, begi mgongoni. Mama Nusukaputi alichungulia nyuma yake kumtafuta mwenye sauti.

"Shikamoo, mama," kijana akasema, na kile kisima kikanguruma.

"Marahaba. Mungu wangu! Kumbe hii sauti umeiazima?"

Kijana akacheka, akafungua daftari. "Umekula, mama?"

Swali hilo ndilo Mama Nusukaputi alilokuwa akiwauliza wagonjwa kila siku, kwa sababu mwenye chakula tumboni akilazwa anaweza kutapika na kupaliwa. Alikuwa amewakamata waongo wengi, akiwemo bwana mmoja aliyeapa kwamba hajala huku ana kiini cha yai kwenye sharubu. Sasa alitazama ukutani.

"Sijala."

"Mkate vipande vinne," alisema mumewe, aliyekuwa amefika anahema, utepe wa kupimia nguo bado shingoni. "Na yai. Na chai vikombe viwili."

"Baba watoto!"

"Si ameuliza?"

Ikaamuliwa basi kwamba hatalazwa kabisa. Atapigwa ganzi ya mgongoni, afe ganzi kuanzia tumboni kwenda chini, huku macho yakiwa wazi. Jambo hilo lilimfurahisha. Halikumfurahisha mtu mwingine yeyote, maana walijua kitakachofuata.

"Shuka chini kidogo," alimwelekeza kijana, ameinama, mgongo nje. "Hapo. Hapana, rudi juu."

"Mama, mgongo ni wako, sindano ni yangu."

Sindano ikaingia vizuri, mara ya kwanza. Akalazwa chali, pazia likawekwa kifuani asione tumbo lake. Lakini mdomo haukuwekewa pazia. "Presha inashuka, ongeza maji." "Nimeshaongeza, mama." "Nigeuzie mashine niione." "Matroni, hiyo taa mbona mmeiinamisha?" "Mkuu, bado tu hujakipata? Wiki iliyopita ulikipata kwa dakika kumi!"

Jasho likaanza kumtoka Mkuu. Alimtazama Kaka Sauti kwa macho ya kuomba msaada, na kijana akaelewa. Akachoma kwenye mpira wa maji dawa kidogo ya kutuliza, ile inayomlegeza mtu akabaki kati ya macho na usingizi.

Mama Nusukaputi akanyamaza. Matroni akashusha pumzi. Dakika moja ikapita kwa amani.

Kisha sauti tamu, ya polepole, ikatoka nyuma ya pazia. "Mkuu..."

"Naam, mama."

"Barua saba. Ya kwanza nilikuandikia bado una nywele."

Mkasi wa matroni ukagonga sinia.

"Ukasema linashughulikiwa. Linashughulikiwa na nani, panya wa stoo? Ukaniletea mashine ya pili ya usingizi, ukaikatia utepe, ukapiga picha. Mashine mbili, Mkuu. Mimi nina makalio mamoja. Nikae wapi?"

"Ndiyo, mama," alisema Mkuu, mikono yote miwili tumboni mwa mgonjwa, hana pa kukimbilia.

"Siku nikianguka, utabaki umesimama na kisu chako kama mchinjaji aliyekimbiwa na mbuzi. Ndivyo ilivyo leo. Mmemtoa huyu mtoto kwake, na huko kwake sasa hakuna mtu. Akija mama amekwama, nani atamlaza?"

Hapo hakuna aliyecheka. Hata matroni, aliyekuwa akitikisika mpaka barakoa inamnasa mdomoni, alitulia. Mkuu akakitoa kidole tumbo, chekundu, kimevimba, akakiweka kwenye bakuli, akashona.

Kwa miaka yote, watu waliolegea mikononi mwa yule mama walikuwa wametoboa siri za ndoa zao, za wakwe, za mbuzi walioibwa. Za wagonjwa siku ile hakutoa hata moja. Zilizomtoka zilikuwa zake mwenyewe, na alipozinduka vizuri hakuzikumbuka. "Nilisema nini?" alimuuliza matroni. "Ulishukuru," matroni akajibu.

Wiki hiyohiyo Mkuu aliandika barua ya nane, akaisaini yeye, akaipeleka makao makuu kwa miguu yake na kukaa kwenye benchi mpaka ikapokelewa. Hospitali mbili zile zikakubaliana kwamba Mama Nusukaputi na Kaka Sauti watapokezana mwisho wa wiki, mmoja akipumzika mwingine ashike zote. Na wauguzi wawili wakapelekwa chuoni kusomea usingizi: kaka mmoja wa chumba cha majeruhi, na binti mtulivu wa wodi ya wazazi.

Walirudi baada ya mwaka mmoja na nusu. Mama Nusukaputi aliwasumbua miezi mitatu, hana dogo. Halafu matroni akamtoa mlangoni kwa kumsukuma mabega, akamkabidhi fomu ya likizo: siku ishirini na nane, akazimalizie kwa dada yake.

Siku ya nne akashindwa kuvumilia. Akapiga simu chumba cha upasuaji, akapokea yule binti mtulivu.

"Mambo yanaendaje huko? Ile oksijeni mmeiangalia? Na yule..."

"Mama, tuko salama, mgonjwa yuko mezani, kwaheri." Simu ikakatwa.

Mama Nusukaputi alinuna mpaka jioni, hataki hata chai. Kisha akamgeukia dada yake, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni.

"Umesikia alivyonikatia simu?"

"Nimesikia. Hana adabu."

"Usimseme," akasema, akivuta kigoda ajiunge naye. "Yule ameiva."